Vipepeo Kumi na Tisa

1

Nilipokuwa kidato cha sita nilikuwa na cheo ambacho hakimo katika kanuni za shule. Nilikuwa Mpumuaji. Kila siku ya kazi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, nilipumua kwa niaba ya watu wazima kumi na tisa, wengine wenye wajukuu, na sikuwahi kupokea lalamiko hata moja kwamba nimempumulia mtu vibaya.

Shule ya Itundwe iko juu milimani, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kubisha hodi na sweta huvaliwa Januari hadi Desemba. Hilo lilinisaidia. Nilikaa mstari wa pili, mwalimu wa fizikia akieleza mawimbi, na chini ya sweta langu vipepeo kumi na tisa vilikuwa vimebanwa kwenye fulana, vikifungua na kufunga mabawa pamoja nami. Mwalimu aliona tu kwamba Lugano Mwaisumo amenenepa kifua. Alinisifu kwa kufanya mazoezi.

Kipepeo, kwa wale watakaosoma haya baada ya mapaa yote kwisha, ni kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti. Kinabanwa chini kidogo ya mtulinga. Kinasikiliza moyo, kinafuata pumzi, na kila unapovuta hewa kinaionja hewa hiyo na kuhesabu nyuzi za asbesto zilizomo. Mabawa yake huanza meupe. Nyuzi zikiongezeka yanakuwa ya kijivu, na siku ukimaliza fungu lako yanakuwa meusi. Fungu ni la maisha. Sheria ya Pumzi inampa kila mtu fungu moja tu, awe waziri au muuza mitumba, na mtu ambaye kipepeo chake kimekuwa cheusi hapandi tena paa la asbesto mpaka anazikwa. Hesabu inaruka yenyewe hadi Mamlaka ya Hewa. Hakuna karani wa kuhonga njiani.

Mabweni yetu manane yalikuwa na paa za asbesto, zilizowekwa na watu waliokwisha kufa, kwa nia njema kabisa. Asbesto haiungui, haiozi, na mvua ikinyesha haipigi kelele. Kosa lake ni moja tu. Ikivunjika inatoa nyuzi nyembamba kuliko chochote unachoweza kukiona, na zikiingia kifuani hazitoki. Zinakaa kimya miaka ishirini, thelathini, kisha mapafu yanaanza kukauka na kukaza kama ngozi ya ngoma. Mashine ziliwahi kuletwa kuezua. Zilivunja mabati mengi kuliko zilivyoteremsha, zikarudishwa. Bati lililochoka linatambuliwa na mkono wa mtu.

Kwa kuwa kuezua kulifanyika huku tunasoma, sisi wanafunzi tulipewa vipepeo pia. Ofisa aliyetugawia alisema kipepeo hakidanganyiki. Hilo si jambo la kuwaambia wavulana mia nne.

Tulijaribu boga. Kipepeo kilipiga kelele kama mtoto aliyetupwa, kwa sababu boga halina moyo. Tulijaribu kondoo wa Mkuu wa Shule, na kondoo akakubaliwa. Kwa siku tatu kipepeo cha rafiki yangu Hosea kilikaa chini ya sufu, naye Hosea akawa anapenya uzio wa manjano uliozunguka mabweni yanayoezuliwa kwenda kula karanga alizoficha bweni la tano, mpaka Mamlaka ilipomwandikia kwa heshima kwamba anapumua kwa kasi ya kutisha, analala kwenye mvua, na anashauriwa kumwona daktari. Tulijifunza mambo mawili. Kipepeo kinataka moyo, lakini hakijali ni wa nani. Na kondoo hana nidhamu. Kazi hii inahitaji binadamu.

Binadamu nilikuwa mimi, kwa sababu ya sifa zangu za awali. Itundwe kuna desturi ya kale inayoitwa kuitikia. Kila jioni kabla ya chakula majina huitwa, na kama mwenzako hayupo, unajibu "Nipo" kwa sauti yake. Mimi nilikuwa na sauti kumi na moja, ikiwemo ya kijana mwenye kigugumizi, na kwa utumishi huo wenzangu waliniita Askofu. Desturi hiyo ina sharti moja, lililopatikana kwa maumivu. Tukiwa kidato cha pili tulimwitikia Obadia siku mbili mfululizo, tukidhani ametorokea harusini. Kumbe alikuwa amelala korongoni, mguu umevunjika, na hakuna aliyemtafuta kwa sababu kila jioni alikuwa ameitika. Tangu hapo tunamwitikia mtu atakayerudi. Asiyerudi, unamnyamazia, ili atafutwe.

Sharti hilo nilikuwa nalijua kama ninavyojua jina langu. Tatizo ni kwamba nililichukulia kuwa ni la jioni tu.

2

Siku Bwana Kyando aliponikamata nilikuwa na vipepeo saba vya kidato cha sita kifuani, nimekaa nyuma ya jiko nikisoma jiografia, wakati wenye vipepeo wako ndani ya uzio wakitafuta karanga. Kyando alikuwa msimamizi wa kikosi cha waezuaji, mtu mrefu mwenye nyusi nyeupe kwa vumbi la kazi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniamuru nivue sweta. Nikajiandaa kufukuzwa shule kwa heshima.

Alivitazama vile vipepeo vikipepea kwa pamoja, kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mgodi wa dhahabu uliofunguka uani kwake. Kisha akaniuliza kama vingezidi saba ningechoka.

Shida yake aliieleza waziwazi, na ninakiri ilikuwa shida ya kweli. Kipepeo kimoja kikiwa cheusi kwenye kikosi, kazi nzima inasimama siku arobaini ili Mamlaka ichunguze. Siku arobaini zingewakuta mvua za masika juu ya paa, na sisi wanafunzi tungeendelea kulala ukumbini, vichwa miguuni kwa wenzetu, hadi mtihani wa taifa. Juu ya hayo, katika kikosi chake kulikuwa na mtu ambaye mabawa yake yalishakuwa ya kijivu kizito. Mtu huyo ni Sekela Mahenge, ambaye sote tulimwita Mama Enea.

Mama Enea nilikuwa namfahamu. Shule nzima ilimfahamu. Ndiye aliyekuwa anatangulia juu ya kila paa, akigonga mabati kwa kifundo cha kidole na kuwaambia wenzake lipi limechoka na lipi bado lina nguvu ya kushikwa. Alitutania kutoka juu kwamba mabweni yetu yananuka soksi hadi mbinguni. Sheria inasema muezuaji akimaliza kazi kumi na mbili za mapaa bila mabawa yake kuwa meusi, anapewa kazi ya chini: anawafundisha wapya, anaheshimiwa, hapandi tena. Mama Enea alikuwa amemaliza kazi kumi na moja. Itundwe ilikuwa ya kumi na mbili.

Nikaona haya ni mambo ya hisani. Niliomba malipo madogo, chapati mbili kila siku, na nikapewa. Kila asubuhi Mama Enea aliniletea vipepeo kwenye beseni la plastiki lililofunikwa kitambaa, nyuma ya jiko, kama anayeleta mayai. Wahandisi wa Mamlaka waliamini kidude kikilia dakika nzima bila kusikia moyo kitakuwa kimemfichua mwongo, lakini hawakuwahi kukiweka kidude hicho karibu na jiko la shule linalopika makande ya watu mia nne. Pale hata ng'ombe akichinjwa hasikiki.

Fulana yangu ilibeba kumi na tisa bila kuvutika shingo. Cha ishirini, kile changu mwenyewe, hakikupata mahali. Nikampa Mama Enea akivae badala yangu, mle ndani ya ovaroli. Nilimwambia kwa sauti ya ibada kwamba sasa tumevishana, na kwamba kilichounganishwa na Mamlaka mwanadamu asikitenganishe. Alicheka hadi akaanza kukohoa. Nilisubiri amalize ili nimwombe chapati ya tatu.

3

Siku ya ishirini na tatu alikuja na beseni kama kawaida, lakini mkono mwingine ulikuwa na kifurushi kidogo cha leso.

"Askofu," alisema, "mdudu wako amekufa."

Nilifungua leso. Mabawa ya kipepeo changu yalikuwa meusi tii, kama yamepakwa masizi. Hakikuwa kimekufa. Nilipokibana kwenye fulana kilianza kufungua na kufunga mabawa, taratibu, na rangi ile ile. Mama Enea alidhani kimeharibiwa na jasho. Mimi nilidhani hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyotaka, na kwa sababu kengele ya darasa ilikuwa imelia.

Kabla ya saa nne Mkuu wa Shule aliniita ofisini. Katika miaka sita nilikuwa nimeitwa mara nyingi, na mara zote nilisimama. Safari hii alinivutia kiti. Aliniuliza kama nahisi baridi. Akaagiza chai ya maziwa, kwenye kikombe cha wageni, akanisogezea skrini ya mezani yenye barua ya Mamlaka na kugeuza uso dirishani wakati naisoma.

Barua ilisema kwamba mwanafunzi Lugano Mwaisumo, umri miaka kumi na minane, amevuta fungu lake lote la maisha kwa siku ishirini na tatu, na kwamba hali hiyo haijawahi kuonekana. Ilisema dawa imeanza kukuzwa kwa kipimo cha nyuzi alizovuta, na itamfikia baada ya siku tisa.

Dawa hiyo ni ukungu hai, si ule wa milimani bali jamii ya ule unaoota kwenye mkate. Hukuzwa ndani ya chupa, kila chupa kwa hesabu ya mtu mmoja, kwa sababu ukiwa mchache unaacha nyuzi na ukizidi unageukia mapafu. Mgonjwa huuvuta kama mvuke. Chupa ikitolewa kwenye baridi asubuhi, ukungu unakufa ifikapo adhuhuri. Haiwekwi akiba. Na anayepewa ni yule tu ambaye mabawa yake yamekuwa meusi, maana kwa mujibu wa Mamlaka mtu ambaye mabawa yake hayajawa meusi ni mzima, hata akifia mlangoni kwao.

Ningependa kuandika kwamba nilielewa palepale. Sikuelewa. Nilikunywa chai. Nilisamehewa kufagia, nikapewa kitanda cha peke yangu chumba cha wagonjwa, na jikoni walianza kuniwekea nyama. Kwaya iliniimbia. Hosea, aliyejua kila kitu, aliniombea kwa sauti ya juu mbele ya kidato kizima, akilia machozi ya kweli kwa kujizuia kucheka. Siku mbili nzima niliugua kwa raha. Na asubuhi zote mbili nilichukua beseni, nikabana vipepeo vyangu kumi na tisa, nikapumua.

Usiku wa siku ya pili ndipo hesabu ilipokuja yenyewe, bila kuitwa, nikiwa nimelala kwenye shuka safi. Kipepeo hakikuwa kimekosea. Kilihesabu kifua kilichokivaa. Sheria ilikadiria kwamba mtu anayeezua kwa kufuata utaratibu atachukua miaka sita kufikisha mabawa meusi. Yangu yalichukua siku ishirini na tatu.

Juu ya paa kulikuwa na jambo gani?

4

Mchana uliofuata, kikosi kilipokuwa kimeshuka kula, nilipenya uzio wa manjano kwa mara ya kwanza bila kufuata karanga.

Kuezua kuna utaratibu ambao hata sisi wanafunzi tulikuwa tumeukariri kwa kuutazama. Kwanza bati linaloweshwa kwa maji ya sabuni mpaka lichuruzike, ili nyuzi zishikane na maji zisiruke. Kisha parafujo zinafunguliwa moja moja. Hakuna kupiga nyundo. Bati linateremshwa zima, linafungwa kwenye nailoni nzito mara mbili. Muda wote barakoa iko usoni. Wiki za mwanzo paa zetu zilichuruzika maji kutwa na tulilalamika kuhusu matope.

Mpira wa maji niliukuta umekunjwa chini ya ngazi. Ndani ya mdomo wake buibui alikuwa ametega, na utando ulikuwa wa zamani, wenye inzi waliokauka. Pipa la sabuni lilikuwa limefungwa. Barakoa zilining'inia kwenye misumari ya ukutani, zote kumi na tisa, safi. Pembeni kulikuwa na mabati yaliyovunjika vipande, na juu ya vile vipande, kwenye mwanga uliopenya darini, hewa ilikuwa inametameta kidogo. Ilikuwa nzuri kutazama. Niliziba pua kwa sweta nikarudi nyuma.

Kyando alinikuta hapo. Nilimuuliza, kwa adabu, kwa nini hawaloweshi. Nilitarajia akasirike. Hakukasirika, alishangaa. Alinieleza kwamba maji yanapandishwa kutoka mtoni na yanawachelewesha saa tatu kila siku, na barakoa zinawabana pumzi, na kwamba mwanzoni walikuwa wanafanya hayo yote kwa hofu ya vipepeo. Lakini kila jioni wanavipokea kutoka kwangu na vyote ni vyeupe, na hata cha Mama Enea hakijaongeza weusi.

"Wiki ya nne hii, vyeupe," alisema. "Kungekuwa na vumbi la hatari, si tungeona?"

Nilimtazama nikisubiri aisikie sentensi yake mwenyewe. Hakuisikia. Yeye ndiye aliyepanga uongo, ndiye aliyenipa beseni la kwanza, na kila jioni alipoufunua uongo ule mweupe aliusoma kama habari. Wote kumi na tisa walikuwa wanafanya hivyo. Walipeana pole za uchovu, wakaangalia mabawa, wakatulia. Nami nilikuwa nawaletea utulivu huo kila siku saa nane, bila kukosa, kwa chapati mbili.

Mama Enea alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa upande wa pili wa bweni, akila ugali peke yake. Nilimwambia yote, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutumia sauti ya Askofu. Nilimwambia vumbi lililohesabiwa kwa jina langu ni lake. Dawa inayokuja imepimwa kwa kifua chake, na juu ya chupa imeandikwa mimi. Na vitabuni yeye ni mzima kwa kuwa mabawa yake bado si meusi, hivyo hakuna hospitali itakayomgusa.

Alitafuna tonge hadi likaisha. Akaniuliza kama kwenye barua wametaja jina lake popote. Nikasema hapana. Akashukuru Mungu.

Kisha akanieleza jambo ambalo nilikuwa silijui. Wale ambao mabawa yao huwa meusi hupewa dawa, ndiyo, lakini baada ya hapo huitwa watu weusi wa paa, na hakuna anayewachukua hata kubeba matofali. Kazi nyingine walizoahidiwa na sheria huzisubiri hadi wanazeeka. Alikuwa amewaona. Kazi ya chini ndiyo peke yake yenye mlango, na mlango wenyewe ulikuwa umebakiza wiki tatu. Alisema anakohoa tangu utoto kwa moshi wa jikoni na hajafa. Alisema atawafundisha vijana kulowesha vizuri, atakuwa mkali kweli kweli, watamchukia.

"Nyamaza wiki tatu tu, mwanangu," alisema. "Ukinywa hiyo dawa itakudhuru nini? Kunywa. Nyamaza."

"Kunyamaza ndiko ninakokusudia," nilimwambia. "Siku gari likija, wakiita jina langu, sitaitikia. Dawa inakufa adhuhuri, kwa hiyo itabidi mwenyewe ajulikane kabla."

Alinielewa haraka kuliko nilivyotaka. Alisema Mamlaka itamwondoa kazini. Nikakubali. Alisema kikosi kizima kitafutiwa hesabu ya kazi zote za nyuma, na Kyando atafungwa, na mimi nitafukuzwa shule miezi miwili kabla ya mtihani. Nikakubali yote hayo. Nilimweleza habari za Obadia na korongo. Alisikiliza bila kunitazama.

Alipomaliza kula aliinuka, akakohoa akiwa ameshika ukuta, akapanda ngazi.

5

Gari lilikuja siku ya thelathini na mbili, saa tatu asubuhi, jeupe, halina dereva. Lilipanda kilima polepole huku ukungu ukilifunika na kulifunua, na wavulana mia nne waliokuwa wamepangwa mistari uwanjani wakaacha kunong'ona. Mkuu alikuwa amevaa suti. Kwenye bweni la nane waezuaji walikuwa wamesimama juu ya paa wakitazama, maana wasingeweza kufanya kazi mbele ya ofisa bila maji, na mpira ulikuwa bado na buibui.

Asubuhi hiyo Mama Enea alikuwa ameniletea beseni. Salamu yangu aliipokea kwa kichwa. Nilivibana vipepeo vyote kama siku nyingine. Cheusi changu nilikitia mfukoni, kikalia hadi kikachoka.

Ofisa aliyeshuka alijitambulisha kuwa Bi Chitete wa Mamlaka ya Hewa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye koti la mvua na sauti ndogo iliyolazimisha watu kukaza masikio. Alieleza kwamba chupa imetolewa kwenye baridi saa kumi na mbili na haitaona alasiri. Kisha akasoma jina.

"Lugano Mwaisumo."

Nilinyamaza. Ndani ya miaka sita sikuwahi kusikia jina langu likibaki hewani namna ile.

Akarudia.

"Nipo," nilisikia sauti yangu ikijibu, safi kabisa, kutoka mistari mitatu nyuma. Ilikuwa Hosea. Rafiki yangu mwaminifu alidhani nimetoroka au nimezirai, na akafanya kile nilichomfundisha mwenyewe. Ilikuwa kazi nzuri. Hata mimi ningedanganyika.

Bi Chitete aligeuka kumtafuta mwenye sauti. Hapo ndipo nilipotoka kwenye mstari, nikatembea hadi mbele yake, nikavua sweta.

Kulikuwa na baridi. Vipepeo kumi na tisa vilifunguka na kufungwa kwa pamoja, haraka haraka, kwa kuwa nilikuwa napumua kwa hofu. Nilisikia uwanja mzima ukivuta pumzi. Bi Chitete hakuonyesha mshangao. Alisogea karibu, akavihesabu kwa kidole bila kuvigusa, na alipomaliza uso wake ulikuwa umezeeka.

"Kwa siku ngapi?" aliuliza.

Nilimwambia. Akatazama juu ya paa, kwenye mabati makavu, kwenye nyuso zisizo na barakoa. Akaniuliza vipepeo ni vya nani, nami nikasema nitaviita, kama ataruhusu, kwa kuwa majina yote ninayo kichwani. Aliitikia kwa kichwa. Hivyo mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuwajibia watu, nikageuka kulielekea paa la bweni la nane na kuita majina.

"Sekela Mahenge."

Alikuwa amesimama pale pale katikati ya paa, mikono kwenye mifuko ya ovaroli. Wenzake walitazama miguu yao. Kyando alikuwa ameshika kichwa cha ngazi kana kwamba anataka kuivuta juu. Nilihesabu pumzi zangu na nikaahidi kwamba sitaita mara ya pili. Nikirudia nitakuwa nimemwitikia.

Kikohozi ndicho kilichoitika. Kilimkunja, kikamwachia, kikamkunja tena. Kilipokwisha alijifuta mdomo kwa mkono wa ovaroli, akaangalia alichojifutia, na akaanza kushuka ngazi.

Alivuka uwanja bila kunitazama hadi alipofika. Alikitafuta kipepeo chake mwenyewe kwenye fulana yangu; alikijua kwa mkwaruzo ubavuni. Alipokichomoa kilianza kulia. Alikibana chini ya mtulinga wake, kikanyamaza, kikaanza kupepea kifuani pake, kijivu kile kile cha siku aliyonipa, kikimhakikishia Bi Chitete kwamba huyu mama ni mzima wa afya.

"Nipo," alisema.

Kwangu hakusema lolote, na sijawahi kumdai neno. Nilitoa kile cheusi mfukoni nikakiweka kwenye kiganja cha ofisa. Bi Chitete alikitazama, akamtazama Mama Enea, akafungua mlango wa gari. Ndani kulikuwa na kiti kimoja na chupa moja. Alifuta jina langu kwa kalamu, akaandika la Mama Enea, akamshika kiwiko na kumpandisha. Kupitia kioo nilimwona akifungwa kinyago na mvuke wa kijani hafifu ukipanda.

Nilimuuliza Bi Chitete wale wengine wataletewa lini.

Alisema ukungu unakuzwa kwa hesabu. Kwa Mama Enea hesabu ipo, kwa sababu ya mzaha wangu. Kwa wale kumi na wanane hesabu yao haikuchukuliwa na mtu yeyote, na vumbi ambalo halikuhesabiwa siku lilipovutwa haliwezi kuhesabiwa tena mpaka litakapoanza kuonekana lenyewe. Hakusema ni miaka mingapi. Sote tulikuwa tunajua.

"Endelea kuita," alisema.

"Ezra Kyando."

Msimamizi aliachia ngazi. Alishuka kama mzee, akaja, akachukua chake bila kugombana nami, akasimama nyuma ya gari, mahali ambapo angekaa anayesubiri zamu.

Juu ya paa walikuwa wamebaki kumi na saba. Walikuwa wameanza kujipanga karibu na ngazi, kwa utaratibu, mmoja nyuma ya mwingine, wakilitazama lile gari jeupe. Kifuani kwangu vipepeo vyao vilipepea, vyeupe pe, kila kimoja kikiapa kwamba hakuna tatizo.

Nikavuta hewa, nikaita jina la tatu.